Karatasi Isiyo na Kichwa

Kihesa, Iringa
9 Februari

Mwanangu Sedekia,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua ninyi Wamoraviani mnasalimiana kwa namna yenu, lakini barua ni yangu na salamu ni zangu. Kamwene. Hapa tu wazima, ila goti la mama mkwe wako limeanza tena maneno yake ya masika.

Utashangaa mzee kuandika barua dunia ya leo, tena kuipeleka stendi kwa kondakta wa basi kama anayetuma trei la mayai. Simu yangu nimeizima tangu Jumapili. Nikueleze kwa nini.

Baada ya misa, Zabron, huyu jirani yangu fundi redio, alinishika mkono akaniambia, "Mwalimu, umekuwa mtu mkubwa. Uko kwenye bunge la Wazungu." Nikadhani ni utani wake wa kila siku. Akanionyesha kwenye simu yake. Mzungu mmoja amesimama mbele ya wenzake, anapunga karatasi, na chini yake kuna maneno ya Kiswahili: hawa ni wakulima wa Nyanda za Juu Kusini, wanataka mamlaka yao wenyewe, wanayaomba mataifa rafiki yaibane Serikali mpaka ikubali. Kamera ikasogea karibu. Sedekia, nimeandika ubaoni miaka thelathini na minne. Mwandiko wangu siwezi kuukosea. Namba moja: Kasian Kihwele, Madibira, mfereji wa tatu, na namba ya simu juu yake.

Ndiyo hiyo simu niliyoizima. Watu nisiowajua walinipigia kutoka Mwanza, kutoka Tanga, wananiita kibaraka. Mama mmoja aliniuliza nimeiuza nchi kwa shilingi ngapi. Nikamwamkia tu.

Mimi karatasi niliyosaini ni moja, ile ya mahudhurio ya semina ya maji uliyotuletea Madibira mwezi wa kumi na moja. Uliiweka mezani kabla ya soda, kama zilivyo semina zote. Juu ilikuwa tupu. Ulisema printa ya ofisi imeishiwa wino, kichwa kitachapwa Mbeya.

Basi nieleze taratibu, kama unavyomweleza mtoto wa darasa la pili. Kilichapwa kichwa gani?

Baba mkwe wako,
Mwl. Kasian Kihwele


Mwanjelwa, Mbeya
13 Februari

Shikamoo Baba,

Barua yako imefika salama. Anjela na watoto wanakusalimu. Duka la mchele linaenda vizuri, na mchele wako wa msimu uliopita ndio ulioisha wa kwanza. Nimemtumia Mama majani ya chai ya Tukuyu, kondakta ni yuleyule.

Pole sana kwa usumbufu wa simu. Namba zile kuonekana ni uzembe wa watu wa huko nje. Sisi ofisini tulisema zifunikwe.

Kuhusu karatasi, nadhani kulitokea mchanganyiko wakati wa kupanga mafaili. Baraza letu la Nyanda limefanya mikutano mingi, Ubaruku, Rujewa, kwenu Madibira, na karatasi zote zilirundikwa kabati moja. Nafuatilia. Lakini naomba, Baba, kosa dogo lisitusahaulishe shabaha. Wewe mwenyewe umeiandikia wizara mara tatu kuhusu lango la maji lililovunjika, na mpaka leo hujajibiwa hata kwa mstari mmoja. Ulisema mbele yangu, mkono ukiwa kwenye ugali, kwamba wakubwa wa Dodoma wanadhani mpunga unaota dukani. Leo hao wakubwa wanasikiliza. Wafadhili wamezuia mkopo mkubwa mpaka Serikali ikae meza moja na Baraza. Mwenyekiti wetu, Bwana Crispin, ameshaitwa mara mbili. Huenda mwezi huu tukakabidhiwa mito yote ya huku tuiendeshe wenyewe. Nani angeliota hilo?

Maneno ya mitandaoni yatapita. Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji.

Mkweo,
Sedekia


Mwanjelwa, Mbeya
20 Februari

Shikamoo Baba,

Nakuandikia nikiwa dukani, karatasi iko juu ya gunia, usinisahihishe mwandiko. Sedekia hajui kama nimekuandikia na naomba asijue.

Barua yako niliikuta kwenye mfuko wa koti lake nilipotaka kulifua. Alichokujibu sijakiona, lakini namjua mume wangu, atakuwa amekuambia mafaili yalichanganyika.

Hayakuchanganyika, Baba. Ilikuwa Jumapili mchana, mwanzoni mwa Desemba, tumetoka kanisani. Alikuwa mezani na kompyuta ya ofisi, na karatasi zenu ziko pembeni, zile zenye madoa ya dole gumba. Nilipomletea chai nikaona anachapa: "Sisi tuliosaini hapa chini tunadai." Nikamuuliza, "Kwani hayo ndiyo waliyosaini?" Akanijibu bila kuinua macho, "Wangeulizwa wangesaini."

Jina lako nililiona pale juu, Baba. Nililiona, nikarudi jikoni kukaanga ndizi. Ningeweza kukupigia simu siku ileile. Nimekula na nimelala miezi yote hii nikijua. Hilo ndilo linalonichoma, zaidi hata ya alichofanya yeye.

Jana mama wa Ubaruku anayeniletea mchele aliniuliza, "Dada, mume wako alitusainisha nini sisi?" Nikamwambia sijui. Mtu mzima wa umri wa Mama, nikamtazama usoni nikamwambia sijui.

Sedekia hali vizuri. Anaweka kijiko, anakitoa. Usimkaripie, Baba, ukimkaripia atazidi kujificha. Mpe nafasi aseme mwenyewe.

Binti yako,
Anjela


Madibira
2 Machi

Mwanangu Sedekia,

Majani ya chai yalifika, mama yenu ameshukuru. Mimi nimehamia huku shambani kama kila masika, ila masika haya ni ya kutazamana.

Habari kubwa unazo kabla yangu. Serikali imebanwa koo mpaka imesaini kuwakabidhi mito. Redioni wanayaita maridhiano. Sisi maridhiano yalitufikia Jumanne: gari jipya lenye nembo ya Baraza lenu, wafanyakazi wawili na Mzungu mmoja mpole sana, akatuamkia shikamoo mmoja mmoja, kisha wakatia kufuli kwenye lango letu la maji. Siku sita maji ni ya lile shamba jipya la kampuni ya nje kule juu. Siku ya saba ndiyo yetu, na hiyo wanaifungua saa sita mchana. Mpunga uko kwenye mimba, Sedekia. Sihitaji kukuambia mpunga wenye mimba ukikosa maji unazaa nini. Majaruba yameanza kupasuka.

Na polisi nao wanatuita, watu kumi kumi, kwa kufuata orodha. Shtaka wanasema ni kushirikiana na wageni kuihujumu nchi. Nilikuwa wa kwanza. Kijana aliyenihoji nilimfundisha darasa la nne. Aliniita "mzee," hakuniita "mwalimu," na alipokuwa akiandika hakunitazama. Nilitaka kumwambia kwamba Serikali hii nimeilalamikia maisha yangu yote, lakini nimeilalamikia kama mtu anavyomlalamikia baba yake mlevi, ndani ya nyumba. Sikuwahi kutaka kuita majirani waje wamfunge kamba. Nikaona maneno hayo hayana maana mbele ya mwandiko wangu mwenyewe.

Sasa nikwambie langu, maana naona kila mmoja ana lake.

Unamkumbuka Bibi Yudith, yule wa jaruba la pembeni, anayekuja mkutanoni na jembe begani. Siku ya semina alikuwa wa thelathini na saba. Hajui kusoma. Aliichukua karatasi, akaigeuza mbele na nyuma, akaniuliza, "Mwalimu, hii karatasi yako mbona juu iko tupu? Mtu anakaa chini ya nini?" Nikacheka. Nikamjibu kwa sauti ili wote wasikie, "Bibi, mahudhurio hayahitaji kichwa. Wewe unahitaji soda." Watu wakaangua kicheko. Nikamshika mkono, nikamchovya kidole kwenye wino mimi mwenyewe. Wewe ulikuwa umesimama pale. Hukucheka, nakumbuka, lakini hukusema.

Nilikaa mlangoni kama enzi za rejesta, asiyesaini hajahudhuria. Watu mia nne na kumi na wawili, mimi ndiye niliyewapanga mstari. Mwenye macho ya kusoma alikuwa mimi, na aliyeona alikuwa yule bibi.

Jana amepelekwa kituoni kwa bodaboda, maana miguu haimfikishi. Alipopita hapa kwangu alinisalimia vizuri kabisa. Afadhali angenitukana.

Sikuulizi tena kichwa gani, kwa kuwa nimeshakisoma. Nakuuliza hivi: aliyekichapa, unamfahamu?

Mwl. Kasian Kihwele


Mwanjelwa, Mbeya
7 Machi

Shikamoo Baba,

Barua hii nimeichana mara nne. Ni mimi.

Mafaili hayakuchanganyika. Bwana Crispin alisema wageni wanataka majina mia nne kabla ya Ijumaa, la sivyo watapeleka msaada wao kwingine. Hakuniagiza nichape. Alinitazama tu, na mimi nikajiona mtu muhimu. Nikajiambia nawatendea mema. Nikajiambia wangeulizwa wangekubali. Lakini kama kweli niliamini hivyo, ningekuja kuwauliza, Madibira ni safari ya siku moja. Sikuja kwa sababu nilijua Bibi Yudith angeuliza tena swali lake, na safari ile ningetakiwa kulijibu.

Nililisikia, Baba. Siku ile ulipocheka, nililisikia vizuri sana.

Kuna jingine. Wewe ulitupa mimi na Anjela nusu ekari tulipooana. Na mimi ni mkulima wa mfereji wa tatu kama nyinyi, na lile kufuli limefunga hata jaruba langu. Karatasi ilipozunguka nikasema mimi ni mratibu wa semina, na mratibu hasaini. Hakuna sheria kama hiyo. Tafuta jina langu kwenye mia nne na kumi na wawili, hutaliona.

Mkataba wa lile shamba la juu niliuona baada ya kusainiwa. Miaka thelathini. Nilidhani tunaitoa nguvu Dodoma tunaileta nyumbani, kumbe ilikuwa inapita tu hapa kwenda kwa wenyewe. Serikali imeachiwa lawama, wageni wamepata maji, na mimi nimepewa kiti cha kuzunguka chenye magurudumu. Nikikikalia nasikia haya mwili mzima.

Nimekwenda kwa Wakili Sosthenes, huyu wa hapo Iringa, Jumatatu. Nilipita karibu na kwenu nikashindwa kugonga. Anasema kuna njia. Liandikwe tamko kwamba orodha ilikuwa ya mahudhurio tu, na wakulima wenyewe wasaini chini yake kwamba hawakuomba mamlaka yoyote wala hawakumwita mgeni yeyote. Wakisaini, kesi haina miguu, na hata mkataba wa maji unaweza kupingwa, kwa kuwa umejengwa juu ya ridhaa ile. Tamko nimelichapa, liko humu ndani ya bahasha. Naomba uwasomee.

Ombi moja naliandika kwa shida. Kwenye tamko nimesema "watendaji wa ofisi." Jina sikuweka. Ni kwa ajili ya Anjela na watoto. Naomba liachwe hivyo.

S.


Madibira
18 Machi

Sedekia,

Nimepokea. Nashukuru kwa lile neno "ni mimi." Kukusamehe nitakusamehe, mimi ni Mkristo na wewe ni baba wa wajukuu zangu, lakini si leo. Usiniharakishe.

Jumamosi niliwaita watu pale langoni, penye kufuli. Walikuja wengi kuliko nilivyotegemea. Nilisoma tamko lako neno kwa neno, kwa sauti yangu ya darasani. Nilipofika pale pa "watendaji wa ofisi waliitumia orodha kinyume cha makusudio yake," mtu wa nyuma akauliza, "Hao watendaji hawana majina?" Nikaendelea kusoma. Nikamaliza, nikaweka karatasi mezani na kalamu juu yake.

Hakuna aliyesogea.

Obeid, ambaye hajakosa mkutano hata mmoja tangu mfereji uchimbwe, akasema, "Mwalimu, sisi mambo ya kusaini tumeacha." Mke wake akaeleza kwamba juzi nesi alikuja na fomu ya chanjo, kina mama wakaikataa, wakarudi na watoto wao mgongoni. Hata zamu ya kufyeka mfereji, niliyokuwa naiandika kwenye daftari, sasa wanahesabiana kwa macho. Haya ndiyo tuliyoyafanya sisi wawili, wewe kwa kompyuta na mimi kwa mdomo. Watu hawa kuandika majina yao niliwafundisha mimi, wengine jioni baada ya kazi, watu wazima na mvi zao. Sasa wanaliogopa jina lao wenyewe.

Bibi Yudith alikuwa amekaa juu ya ndoo. Akaniita. "Mwalimu, leo huku juu kumejaa?"

Nikamwambia kumejaa, Bibi.

"Haya, nisomee tena."

Nikamsomea tena, yeye peke yake. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Maneno yako mazuri. Ile ya kwanza ilikosa kichwa. Hii sasa haina mwenyewe. Nani anasema haya maneno?"

Sedekia, jina lilikuwa mdomoni. Nikaangalia chini. Mara ya kwanza nilimnyima yule bibi jibu kwa kiburi changu, na mara hii nimemnyima kwa ajili yako, mbele ya watu walewale. Sijawahi kuona aibu kama ile, na nimeshawahi kulia mbele ya darasa.

Akaninyooshea dole gumba lake, bila hasira yoyote. "Mimi kidole cha kusaini ninacho hiki kimoja tu, mwalimu, na nilishakupa." Wakatawanyika kwenda kuangalia mpunga wao unavyogeuka rangi.

Nimesaini peke yangu. Namba moja, kama ile ya kwanza. Karatasi nimemkabidhi dereva wa gari la Mafinga, ataiunganisha na basi la Mbeya. Mistari nimeichora kwa rula mpaka mia nne na kumi na mbili.

Namba mbili nimekuachia.

Mwl. Kasian Kihwele


Mwanjelwa, Mbeya
22 Machi

Shikamoo Baba,

Karatasi ilifika jana. Anjela aliisoma kabla yangu, akaniwekea kalamu kando ya sahani, akaenda dukani. Aliporudi jioni aliniambia kwamba alikuandikia mwezi wa pili. Kwa hiyo uliponiuliza mara ya pili ulikuwa umeshajua, ukaningoja. Sijui nikushukuru vipi kwa hilo, nasikia haya tu.

Nilikaa kwenye kompyuta nilichape tamko upya, niondoe "watendaji wa ofisi" niweke jina. Nikaacha. Wewe umeshasaini. Ningebadilisha hata neno moja, jina lako lingekuwa kwa mara ya pili chini ya maneno ambayo hukuyasoma. Kwa hiyo tamko sikuligusa. Jina nimeliandika kwa mkono, pale ulipochora, na pembeni yake nimeandika nilichofanya.

Leo asubuhi nimemrudishia Bwana Crispin funguo za ofisi. Amenikumbusha, kwa upole kabisa, kwamba nikisoma karatasi hii hadharani polisi hawatakuwa na haja na namba tatu wala ya mia nne. Watakuwa wamempata wanayemtafuta. Nikamwambia ndivyo nilivyoelewa na mimi. Wakili naye amesema hivyohivyo. Anjela anafunga duka tunakuja wote, watoto watabaki kwa dada yangu Mercy.

Jumamosi nitakuwa langoni saa nne. Naomba usinisomee, nitasoma mwenyewe. Kalamu sitaiweka mezani. Kama zitabaki saini mbili, zibaki mbili. Ila Bibi Yudith naomba apewe kiti, asikalie ndoo, na aachwe aulize chochote anachotaka mpaka atosheke.

Huku chini nimeandika kama nilivyoandika kule kwenye karatasi ya tamko:

2. Sedekia Tusajigwe Mwasomola, mkulima, mfereji wa tatu, Madibira. Niliyechapa ni mimi.